Milisiverti 0.15, 0.25, 1 au 20: kijiji jirani na mgodi wa urani kidai kiwango kipi?

Kwenye mikutano ya hadhara kuhusu madini ya urani kuna sentensi moja inayopita bila kuguswa: mradi utazingatia viwango vya kimataifa vya usalama wa mionzi. Mtaalamu anaisema, anabonyeza slaidi inayofuata, na wananchi wanarudi kwenye ajira, fidia ya mashamba na barabara. Hayo nayo ni mambo ya msingi, sikatai. Lakini viwango vya kimataifa ni vingi, havilingani, na kila kimoja kina bei. Kuna anayeilipa kwa fedha na kuna anayeilipa kwa afya yake.

Kwetu suala limeshapiga hodi. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha mradi wa Mto Mkuju wilayani Namtumbo, Ruvuma, ambao uko chini ya Mantra Tanzania na shirika la Rosatom la Urusi. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, mgodi wa Kayelekera wa Malawi uliosimama tangu 2014 ulirudi kazini 2025, na maji ya bonde lake huingia ziwani humo humo. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya diwani, mwenyekiti wa kijiji au mtu wa asasi anayetakiwa kutoa maoni kwenye Tathmini ya Athari kwa Mazingira na hana muda wa kupekua makabrasha. Mifano mingi nimeitoa Marekani, Uingereza na Japani kwa sababu huko waligombana hadharani, na bili zao tunaweza kuzisoma.

Tunapima nini

Dozi ya mionzi mwilini hupimwa kwa milisiverti. Binadamu kwa wastani hupata kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani, kwenye chakula na hewa. Kuna wanaopata zaidi, kama wakazi wa karibu na kilima cha Mrima kule Kwale, ambako mwamba wenyewe una thoriamu, metali yenye mionzi. Viwango tunavyolinganisha hapa ni nyongeza juu ya hiyo ya asili, na picha za hospitali hazimo.

Kuhusu madhara, kamati ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani ilikadiria mwaka 2006 kwamba watu 100 wakipata milisiverti 100 kila mmoja, mmoja kati yao ataugua saratani kwa sababu ya dozi hiyo, huku 42 wakiugua kwa sababu nyinginezo. Chini ya 100 ndipo ubishi unapoanzia. Wadhibiti wengi hufuata mstari mnyoofu: dozi ikipungua nusu, hatari nayo hupungua nusu, na hakuna dozi isiyo na hatari kabisa. Wapinzani, wakiwemo wanasayansi wa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa mwaka 2005, wamesema mstari huo unatia chumvi. Utafiti wa wafanyakazi zaidi ya 300,000 wa sekta ya nyuklia Ufaransa, Uingereza na Marekani, uliochapishwa 2023, uliona vifo vya saratani vikiongezeka kadiri dozi inavyoongezeka, hata kwa waliopata dozi ndogo ndogo kwa miaka mingi. Mimi naushikilia mstari mnyoofu. Asiyeukubali atasoma yanayofuata kwa namna nyingine, na ni haki yake.

| Mfumo | Nyongeza kwa mwaka (milisiverti) | Maji ya kunywa |
|---|---|---|
| Tume ya nyuklia ya Marekani (NRC), eneo lililofungwa | 0.25, kisha ishuke zaidi ikiwezekana | yamo ndani ya 0.25 |
| Shirika la mazingira la Marekani (EPA), usafishaji | 0.15, mwongozo wa 2014 ukashusha hadi 0.12 | yana vikomo vyake peke yake |
| Uingereza | kikomo 1, shabaha 0.02, katikati ni mabishano ya gharama | yanajadiliwa humo humo |
| Tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi (ICRP) na shirika la kimataifa la nguvu za atomiki (IAEA), nchi nyingi zinazofuata | 1 | hutegemea kanuni za nchi |
| Japani baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima (2011) | 20 kuruhusu watu kurudi, shabaha ya mbali 1 | chakula na maji vina vikomo vyake |

Wamarekani wawili wasioelewana

Mwaka 1997 NRC ilitoa kanuni kwamba mtambo ukifungwa na eneo likaachiwa watu, atakayeishi pale asipate zaidi ya 0.25 kwa mwaka kwa njia zote zikijumlishwa: udongo, vumbi, mboga na maji. EPA ikagoma. Ilitaka 0.15, na juu ya hapo ikataka maji ya chini ya ardhi yatimize vikomo vya maji ya kunywa kana kwamba ni bomba la mjini: 0.04 kwa mionzi ya beta na gama, na vikomo vya pekee vya urani na radiamu, metali ya mionzi inayozaliwa na urani. Mashirika mawili ya serikali moja yakawa yanamwambia mwenye eneo mambo mawili. Mwaka 2000 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilipoulizwa nani yuko sahihi, ikajibu kwamba ushahidi wa kisayansi hautoshi kuamua. Mwaka 2002 wakatia saini makubaliano ya kushauriana, ila kila mmoja alibaki na namba yake.

Hoja ya NRC ni ya gharama, na haina aibu. Kusafisha nusu ya kwanza ya uchafu ni rahisi. Kila unaposhuka, udongo wa kuchimbua unaongezeka, malori yanaongezeka, na vifaa vya kupima vinaanza kushindwa kutofautisha uchafu na mionzi ya asili. Tofauti ya 0.10 kati ya hizo namba mbili ni sawa na anachoongezewa mtu na mionzi ya angani akihama pwani kwenda kuishi nyanda za juu. Hakuna anayeacha kuhamia Mbeya kwa hofu hiyo.

Kwa hiyo anayeng'ang'ania 0.15 dhidi ya 0.25 na kuishia hapo anapigania kitu kidogo. Kikubwa ni safu ya maji. Katika mfumo wa NRC maji yanaweza kula sehemu kubwa ya 0.25 yote mradi udongo uwe safi, na hesabu ikafunga vizuri. Katika mfumo wa EPA haiwezekani. Kisima kina kikomo chake, na kikivuka, kimevuka. Kijiji kinachokunywa kisima na kuvua mtoni kina kila sababu ya kuchagua huo wa pili. Kama njia ya uchimbaji ni ile ya kupenyeza kemikali ardhini na kuvuta urani ikiwa imeyeyuka, hapo sioni hata cha kujadili.

Msiichukulie EPA kuwa malaika wa afya, hata hivyo. Mwaka 1991 ilipendekeza urani katika maji ya kunywa isizidi mikrogramu 20 kwa lita. Sheria ya 1996 ikairuhusu kupima faida dhidi ya gharama, na Desemba 2000 ikaweka 30. Teknolojia ya kufikia 20 ilikuwepo. Walichokosa ni hesabu ya dola iliyokubali. Shirika la Afya Duniani nalo lilianza na pendekezo la 2 mwaka 1998, likaenda 15 mwaka 2004, na 30 mwaka 2011. Ukiambiwa maji yametimiza kiwango, uliza ni cha mwaka gani. Na kumbuka kwamba urani ndani ya maji hutishia figo kwa sumu yake ya kikemia kabla hata mionzi haijaingia kwenye hesabu. Ripoti inayotaja milisiverti tu bila mikrogramu imeacha nusu ya habari.

Uingereza: mzigo ni wa mwenye leseni

Waingereza wamekwenda njia nyingine, na chimbuko lake ni mgodi wa makaa ya mawe. Mchimbaji mmoja aliuawa na ukuta wa njia ya chini uliobomoka, na mahakama ya rufani mwaka 1949 ikasema mwajiri lazima apunguze hatari mpaka pale ambapo gharama ya kupunguza zaidi inakuwa kubwa kupita kiasi ukilinganisha na faida. Kukaribiana hakutoshi. Gharama iwe imeizidi faida kwa mbali, na anayepaswa kuonyesha hivyo ni mwenye mgodi. Mdhibiti wa nyuklia wa Uingereza anatumia kanuni hiyo mpaka leo: juu ya 1 haikubaliki, chini ya 0.02 mdhibiti hapotezi muda wake, na kati ya hapo kampuni inajieleza.

Naipenda sana kanuni hii kwenye karatasi. Kasoro yake ni kwamba inahitaji mdhibiti mwenye wahandisi wa kutosha kubishana na wahandisi wa kampuni, hoja kwa hoja, kwa miaka. Bila hao, yale mabishano ya katikati yanageuka kuwa barua za kampuni zinazopigwa mhuri. Mfumo wa namba kavu ni mkali na wakati mwingine wa kijinga, lakini mwalimu wa sekondari anaweza kuusoma na kujua kama umevunjwa.

Marekani nayo ina kanuni inayofanana, ya kushusha dozi kadiri inavyowezekana kwa kuzingatia uchumi na jamii, ila ni laini zaidi. Mei 2025 Rais Trump alitoa amri ya kuitaka NRC iitazame upya kanuni hiyo pamoja na ule mstari mnyoofu. Anayeandika kwenye mkataba "tutafuata viwango vya Marekani" bila kutaja mwaka amejifunga kwenye kitu kinachosogea.

Japani: namba ya dharura inayotaka kukaa

Fukushima inastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu ndiyo inayotumiwa na pande zote mbili. ICRP ina madaraja: wakati wa dharura, kati ya 20 na 100, kwa watu wanaoishi kwenye eneo lililochafuka, kati ya 1 na 20. Japani mwaka 2011 ikachukua 20, sakafu ya daraja la kwanza na dari ya la pili. Aprili namba hiyo hiyo ikatumiwa kwenye viwanja vya shule. Profesa Toshiso Kosako wa Chuo Kikuu cha Tokyo, mshauri wa Waziri Mkuu, akajiuzulu tarehe 29 huku akilia mbele ya waandishi wa habari, akisema hawezi kukubali kiwango hicho kwa watoto. Wazazi wakaandamana. Mwezi uliofuata wizara ikatangaza kwamba shabaha shuleni ni 1.

Upande wa pili wa hadithi ni mzito vilevile. Mkoa wa Fukushima umetambua vifo zaidi ya 2,300 vinavyohusishwa na madhila yaliyofuata maafa: wazee waliohamishwa kutoka hospitali na nyumba za wazee, dawa zilizokatika, maisha ya makambini, msongo wa mawazo. Wengi wa wazee hao wangekuwa salama zaidi kubaki walipokuwa kwa siku kadhaa. Kiwango kikali nacho kinaua pale kinapotekelezwa kwa kuwasomba watu bila mpango. Anayesema gharama zisitajwe kabisa kwenye mambo ya afya aanze kwa kulijibu hilo.

Pamoja na hayo, 20 si namba ya kuanzia mgodi. Ni namba ya watu ambao nyumba tayari imeungua. Nimewahi kusikia ikitajwa kwenye majadiliano kama ushahidi kwamba dozi ya 5 au 10 kwa mwaka haina neno, "mbona Wajapani wanaishi." Wajapani waliwekewa shabaha ya 1, wakalipiwa usafishaji wa matrilioni ya yeni, na chakula chao kikashushiwa kikomo cha sezi, uchafu wa mionzi uliotoka mtamboni, kutoka bekereli (kipimo cha mionzi) 500 hadi 100 kwa kilo kuanzia Aprili 2012. Anayetaka kukopa namba yao akope na hivyo.

Yaliyojificha nyuma ya namba

Kila dozi iliyoandikwa kwenye ripoti ni ya mtu wa kubuni. Kwa bohari ya takataka za nyuklia iliyopangwa Yucca Mountain, Nevada, mtu huyo wa sheria hunywa lita mbili za maji kwa siku. EPA katika hesabu zake za usafishaji ilizoea kumpa mtu miaka 30 ya kuishi kwenye nyumba moja, kwa sababu Wamarekani huhama. Sasa mlete huyo mtu Namtumbo. Anazaliwa pale, anazeeka pale, analima jua kali akinywa maji kuliko lita mbili, anakula samaki wa mto ule, uyoga na mboga za porini, na watoto wanacheza kwenye vumbi. Ripoti mbili zenye 0.15 zinaweza kuwa na ulinzi tofauti kabisa, kulingana na nani aliyewekwa kwenye hesabu. Kama kuna ukurasa mmoja wa kusoma kwenye kabrasha lote, ni ule unaomwelezea mtu huyo.

Kuna pia muda. Kinu kikishatoa urani, takriban asilimia 85 ya mionzi iliyokuwa kwenye mwamba hubaki kwenye topesumu, yaani tope la mabaki ya mwamba, imesagwa na kulainishwa. Radiamu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600, na thoriamu inayoizaa hudumu mara nyingi zaidi ya hapo. Kanuni za Marekani zinataka lundo lifunikwe kwa namna itakayodumu miaka 1,000 ikiwezekana, na isipungue 200. Kwa Yucca Mountain walibishana miaka 10,000 au milioni. Mahakama mwaka 2004 ikaikataa 10,000, na mwaka 2008 EPA ikaweka 0.15 kwa miaka 10,000 ya kwanza na 1 baada ya hapo hadi mwaka wa milioni. Wajukuu wa mbali wamekubaliwa dozi karibu mara saba ya yetu. Sijui niseme nini juu ya hilo, ila angalau wameandika. Ripoti nyingi za migodi huishia miaka michache baada ya kufunga.

Halafu fedha. Kushusha dozi ya watu kunagharimu, na NRC ina bei rasmi ya kuamua kama inalipa. Kwa miaka mingi tangu katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa dola 1,000 kwa kila milisiverti 10 anazoepushwa mtu mmoja. Mwaka 1995 ikawa 2,000, baadaye ikapandishwa hadi 5,200. Angalia kilichotokea katikati: kwa takriban miaka ishirini bei ilisimama huku thamani ya dola ikishuka, maana yake afya ya jirani wa mtambo ilikuwa ikipungua bei kila mwaka bila mtu kupiga kura. Sipingi kuwepo kwa bei. Bila bei iliyoandikwa ipo nyingine ya siri, na ya siri huwa ndogo zaidi. Ninachopinga ni bei isiyopandishwa, na bei ya nchi tajiri kupunguzwa kimyakimya inapovuka bahari.

Fedha ya kufungia mgodi ndiyo inayoamua kama namba yoyote itatimizwa. Huko Moab, Utah, tani milioni 16 za topesumu ziliachwa ukingoni mwa Mto Colorado. Kampuni ya Atlas ilifilisika mwaka 1998, na dhamana iliyokuwa imeweka haikukaribia kazi iliyobaki. Kufunika pale pale kulikuwa nafuu. Serikali mwaka 2005 ikaamua kulihamisha lundo lote kama kilomita 48, na treni zilianza kulibeba 2009, kwa kodi za wananchi. Kwenye ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, ambako kuliachwa migodi zaidi ya 500, bado wanasafisha. Ujerumani ilipoungana, migodi ya Wismut iliyolisha Urusi ya Kisovieti imeigharimu serikali zaidi ya euro bilioni 6. Kiwango kwenye karatasi peke yake hakisafishi lundo. Na sisi tuna kumbukumbu yetu ya karibu: bwawa la topesumu la Mwadui lilipasuka Novemba 2022 na tope likafunika mashamba na nyumba. Lile lilikuwa la almasi.

Ningechagua hivi

Kwa kijiji kinachotumia visima na mto, ningechukua muundo wa EPA: maji yawe na kikomo chake, urani kwa mikrogramu 30 kwa lita au chini, radiamu peke yake, na dozi ya jumla isizidi 0.25. Ndiyo, 0.25, ile 0.10 ningeiachia kampuni kama ndiyo bei ya kupata kikomo cha maji kilichoandikwa kwenye leseni. Kikomo cha 1 kwa mwaka ningekikubali kama dari ya kisheria ya kipindi cha uchimbaji tu, na nisingekikubali kwa mgodi uliofungwa.

Kwa mji ulio mbali na maji ya mgodi lakini kwenye njia ya malori, ugomvi wa 0.15 na 0.25 hauna maana kubwa. Nguvu ziende kwenye vumbi, ufungaji wa mapipa na mpango wa ajali barabarani.

Kama mdhibiti ana watu wa kutosha, kanuni ya Waingereza iongezwe juu, hasa kile kipengele cha kampuni kuthibitisha. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina sheria yake tangu 2003 na maabara Arusha. Swali la kuuliza bungeni ni wakaguzi wangapi watakaa Ruvuma. Jibu likiwa dogo, tegemea namba kavu.

Dhamana ya ufungaji iwekwe benki kabla ya uzalishaji, ihesabiwe na mtu asiyelipwa na kampuni, na ikokotolewe upya kila baada ya miaka michache. Ukilazimishwa kuchagua kati ya dhamana nono yenye 0.25 na dhamana ya maneno yenye 0.15, chukua ya kwanza bila kusita.

Na vipimo vya visima vyote vya jirani, vya urani, radiamu na radoni (gesi ya mionzi itokayo kwenye radiamu), vichukuliwe masika na kiangazi kabla uchimbaji haujaanza, nakala moja ibaki ofisi ya kijiji. Eneo lenye urani lina mionzi yake ya asili tayari. Asiye na karatasi ya vipimo vya awali, siku kisima kikizidi mikrogramu 30 ataambiwa kilikuwa hivyo tangu zamani, na hatakuwa na la kujibu.